Sura ya Tano: Filamu ya Wambugu

Kinyua wa studio alipozitandaza zile picha juu ya meza ya Inspekta Ojwang, vidole vyake vilikuwa bado vinanuka dawa ya kusafishia filamu. Alikuwa amezikausha kwa haraka, zikajikunja pembeni, na ilimbidi azishikilie ili zisijiviringe. Akasema mtu huyu mwenye mguu uliofungwa anaitwa Wambugu. Alikuwa mkulima wa viazi huko Londiani, na tangu vurugu za kikabila za mwaka wa tisini na mbili hakuna aliyemwona tena, awe hai au maiti.

Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Ojwang alivuta kiti, akamwomba Kinyua aeleze tangu mwanzo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi Sosiot, msichana aitwaye Fancy. Alitaka kujifunza kupiga picha, lakini mshahara wake haukuweza kununua kamera mpya. Alipokwenda kumsalimia shangazi yake kule Ndanai, akaona kamera kuukuu kwenye kibanda cha sokoni, akaichukua kwa bei ya kutupa. Jumamosi iliyofuata akaileta mjini Kericho kwa Kinyua amwonyeshe inavyotumika. Kinyua alipoigeuza tu akaijua. Ni yeye aliyemuuzia Wambugu miaka kumi nyuma, na alama ambayo Wambugu aliichonga kwa msumari chini yake, herufi W, ilikuwa bado ipo. Kisha akagundua kwamba ndani mna filamu.

"Sikumwambia mwalimu," alisema. "Nilimwambia aiache niifanyie usafi."

Akaitoa mfukoni, imo ndani ya mkoba wa ngozi uliokuja nayo, umefungwa kwa leso. Ojwang aliishika kwa upole. Kabla ya kupandishwa cheo alikuwa mpiga picha wa CID kule Kisumu, amepiga picha za maiti na za milango iliyovunjwa hadi akachoka, lakini kamera ya aina hii hakuwa ameizoea. Ilikuwa Olympus Pen, ndogo ya kujaa kiganjani. Jicho lake lilizungukwa na kioo chenye vijitundu kama sega la nyuki. Kinyua akamweleza kwamba kioo kile ndicho kinachopima mwanga, ndiyo maana haitumii betri. Tena kila picha inachukua nusu tu ya nafasi ya kawaida, kwa hiyo filamu ya picha thelathini na sita inatoa sabini na mbili. Watu wasio na uwezo waliipenda kwa sababu hiyo. Wambugu aliweza kukaa na filamu moja tangu Krismasi mpaka Pasaka.

"Na giza likiingia?" Ojwang aliuliza.

"Gizani haipigi kabisa. Ukibonyeza, kunatokea kitu kama ulimi mwekundu pale unapochungulia, na inakataa."

Ojwang aliinamia utepe wa filamu, akaushika dhidi ya dirisha, akazipanga picha za mezani moja moja kufuata mpangilio wake. Kwanza kulikuwa na kwaya ya kanisa. Kisha watoto wamekaa juu ya magunia ya viazi, na mwanamke mwembamba ameketi kwenye cherehani huku akijificha uso kwa mkono. Halafu paa la nyumba limeporomoka, moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye kuta nyeusi, na anga nyuma yake ni nyeupe ya asubuhi. Baada ya hapo ndipo lilipokuja zizi la ndama, na Wambugu ameketi kwenye kigoda, mguu wake umezungushiwa vitambaa vya maua maua. Picha za zizini zilikuwa chache. Sehemu iliyobaki ya filamu ilikuwa tupu.

Akamtuma Konstebo Atuti alete faili la zamani. Halikuwa nene. Mkewe Wambugu, Priscillah, aliandikisha kwamba usiku nyumba zilipochomwa yeye na watoto walipanda lori la jirani, na mumewe akabaki nyuma ili awafungulie ng'ombe. Afisa wa wakati ule akahitimisha kwamba Wambugu aliuawa usiku uleule na mwili wake kuteketea. Kulikuwa pia na maelezo ya jirani aliyepakana naye shamba, Jonah Kimeli, kwamba mara ya mwisho alimwona Wambugu Jumapili kabla ya vurugu.

"Hakufa usiku ule," Ojwang alisema. "Alikuwa mzima asubuhi, akapiga picha nyumba yake. Na siku zilizofuata alikuwa mahali ambapo mtu alimfunga kidonda."

Atuti, kijana mwepesi wa kukata shauri, alikuwa na maoni yake. Kwake yeye, watu walimteka Wambugu, wakamficha zizini, wakammaliza baadaye, na kamera ikawa nyara. Wamtafute aliyeiuza, watakuwa wamempata muuaji. Ojwang hakumpinga. Alimwambia tu awashe gari.

Kabla hawajatoka, Kinyua alisimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema Mama Shirley, mkewe Wambugu, anashona nguo pale sokoni Kericho, kila siku anapita mbele ya studio yake. Amwambie nini?

"Kwa sasa usimwambie kitu," Ojwang alijibu.

"Inspekta, kila akipita ananisalimia."

"Msalimie pia."

Kule Ndanai, muuzaji aliitwa Kipchirchir. Kibanda chake kilijaa redio zisizo na mifuniko, saa za mkono na pasi za makaa. Polisi walimfahamu, maana mara mbili alikuwa ameshikwa na vitu vya wizi. Alipowaona tu alianza kuapa. Akasema kamera aliinunua Nakuru. Ojwang akamwuliza duka gani. Akasema si duka, ni mtu wa barabarani. Atuti akamwuliza mtu huyo alivaa nini, naye akaeleza suti, miwani, na viatu vya kung'aa.

Ojwang alichukua kamera, akaipitisha puani mwake, kisha akamsogezea Kipchirchir mkoba wa ngozi wa kamera. Mshono wa mkoba ulikuwa umeshika mafuta, yale mafuta mazito ya kupaka chuchu za ng'ombe wakati wa kukama.

"Huyu bwana wa suti alikuwa anakama na kamera shingoni?"

Hapo Kipchirchir akasema ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mfupi. Kamera aliuziwa na mtu wa gamboti, zile buti za mpira, mtulivu, asiyebishana bei. Hakumficha polisi kwa sababu ya wizi. Alimficha kwa sababu ni mtu wa heshima na ni shemeji ya Bethwel, yule mwenye kinu cha kusaga mahindi. Huja huku mara moja kwa mwaka kumwona dada yake.

Kinu kilikuwa mwendo wa kutupa jiwe. Bethwel hakuona sababu ya kuficha jina la shemeji yake. Anaitwa Jonah Kimeli, alisema, anakaa Londiani.

Ndani ya gari Atuti alipiga usukani kwa kiganja. Jirani yule yule aliyesema hakuona kitu. Alidanganya polisi, akaiweka kamera miaka minne, akaenda kuiuza mbali mahali ambapo hakuna anayeijua. Kulikuwa na nini tena cha kuuliza?

Ojwang alikuwa ameshika picha mbili za zizini. Akamwambia aziangalie vizuri watakaposimama. Picha zote nyingine kwenye filamu ile zimesimama wima, maana kamera hii ukiishika kawaida inatoa picha ya wima, na Wambugu aliizoea. Hizi mbili zimelala. Aliyezipiga aliigeuza akidhani ndivyo inavyoshikwa, akakata utosi wa Wambugu, na kivuli cha kidole gumba chake kikaingia pembeni. Basi aliyezipiga hakuwahi kushika kamera hii. Na anayepigwa anacheka.

"Mtu aliyetekwa anaweza kulazimishwa akae," Ojwang alisema. "Kucheka hivi halazimishwi. Anamcheka huyu anayempiga, vile hajui kushika."

Atuti alipunguza mwendo, akazitazama picha zile kwa pembe ya jicho.

Walifika kwa Kimeli alasiri ya siku iliyofuata. Nyumba ilikuwa ya mbao, paa la mabati, na nyuma yake zizi. Ojwang hakwenda mlangoni kwanza. Alizunguka mpaka pale ambapo mpiga picha angesimama, akainua picha mbele ya macho yake. Nyuma ya bega la Wambugu ulionekana mti wa saipras uliopigwa radi ukapasuka vipande viwili. Mti ule ulikuwa pale pale. Nguzo za zizi zilikuwa zile zile.

Kimeli alitokea na ndoo ya maziwa. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mabega yameinama kidogo. Aliwakaribisha kwa adabu, akamwita mkewe Chepchumba alete chai, akawauliza habari za Kericho. Ojwang alimwuliza kuhusu Wambugu. Kimeli akarudia maneno ya kwenye faili karibu neno kwa neno, kwamba alimwona Jumapili, kisha hakumwona tena.

Ojwang akaiweka picha mezani.

Kimeli aliitazama bila kuigusa. Chai ikaja, ikapoa. Ojwang akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba anajua picha hii imepigwa hapa, baada ya moto, mchana. Anajua pia kwamba aliyeipiga ni mtu asiyejua kamera.

"Ulipiga wewe, mzee."

Chepchumba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwambia mumewe jambo kwa Kikipsigis. Mumewe hakugeuka. Ndipo mama yule aliposema kwa Kiswahili, ili wageni nao wasikie: "Waambie. Mimi nimechoka kupita hapo nyuma nikiangalia chini."

Basi Kimeli akasimulia. Asubuhi ile baada ya moto, alipokwenda kukama, alimkuta Wambugu kwenye majani ya ndama. Alikuwa amerudi kuangalia nyumba yake, akakanyaga bati la moto lililomchana mguu mpaka mfupa. Walikuwa majirani tangu ujana, wakisaidiana kuchimba viazi, na Wambugu ndiye aliyempiga picha siku ya harusi yake. Kimeli akamficha. Chepchumba akachana leso yake ya maua wakamfunga. Watoto wakaambiwa ndama ni mgonjwa, wasiingie. Siku za kwanza Wambugu alikuwa mchangamfu, akamfundisha Kimeli kupiga picha, wakachekeshana. Alisema Priscillah ataziona aamini kwamba alikula vizuri.

Kisha mguu ukavimba, homa ikapanda.

"Hospitali iko hapo tu chini," Atuti alisema.

"Iko," Kimeli alisema. "Na barabara ilikuwa imejaa vijana. Wengine ni wa nyumba ya ndugu yangu. Walikuwa wanafungua kila gari, wanauliza kila mtu jina. Ningepita naye wapi? Ningemfunika na nini?"

Sasa aliongea na ile picha, hakumwangalia Inspekta.

"Nilikuwa na dawa ya ng'ombe. Ile penisilini ya kudunga. Nilifikiria, kama inaponya mnyama mkubwa hivyo, itaponya mtu. Sikujua kipimo. Nikamdunga jioni. Asubuhi nikamdunga tena. Saa ya kukama nikaenda na maziwa yake, nikakuta amelala vile vile, lakini ameenda."

Ojwang aliuliza polepole kama hiyo ndiyo sababu alidanganya. Kimeli akakubali kwa kichwa. Kwanza aliwaogopa watu wake, maana wangesema alimficha adui. Barabara zilipotulia akawaogopa polisi, kwa sababu kwa hesabu yake yeye ndiye aliyemuua. Angesema nini? Kwamba alimpenda akamdunga dawa ya ng'ombe? Kila mwezi ulipopita ilikuwa vigumu zaidi kusema. Mwishowe hata kupita karibu na kasha alimoweka ile kamera kulimshinda, ndipo akaipeleka Ndanai.

Lilibaki jambo moja ambalo Ojwang hakulielewa. Mtu anayetaka kuficha angefungua mgongo wa kamera, mwanga uingie, picha zote zife. Hata mtoto wa shule anajua hivyo. Kwa nini hakuifungua?

"Aliniambia nisifungue," Kimeli alisema. "Alisema nikifungua picha za watoto wake zitaharibika."

Akawapeleka nyuma ya zizi. Kati ya majani ya ng'ombe palikuwa na kipande kisicholimwa, kimezungushiwa mawe ya mtoni yaliyopangwa kwa uangalifu. Nyasi zake zilikuwa zimekatwa fupi. Ojwang alipima kwa macho, akaandika anayopaswa kuandika, akamweleza Kimeli kwamba hakimu atatoa amri kaburi lifunguliwe na daktari wa serikali achunguze mifupa. Alimweleza pia kwamba kwa mguu ulioharibika vile, huenda Wambugu angekufa hata kama asingedungwa. Huenda. Zaidi ya hapo hakuweza kusema, na aliona kwamba neno lile halikumsaidia Kimeli chochote. Hakumfunga pingu. Alimwagiza asitoke nyumbani, akamwacha Atuti alale kwa chifu wa pale.

Kimeli alimfuata mpaka kwenye gari. "Mkimleta Mama Shirley, nitaenda kwa ndugu yangu mpaka amalize."

"Utakuwa hapa," Ojwang alisema.

Kesho yake asubuhi Ojwang aliingia sokoni Kericho mwenyewe, hakumtuma mtu. Priscillah alikuwa akishona sare za shule. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kutoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, ingawa cherehani ilikuwa imesimama. Aliuliza kama wana hakika ni yeye. Ojwang akamwonyesha picha. Aliitazama kwa muda, akapitisha kidole juu ya vile vitambaa vya maua, akasema atabadilisha viatu kisha waende. Kinyua alitaka kumsindikiza. Priscillah akamwomba abaki, amwangalizie cherehani.

Njia nzima hakulia. Mara moja tu alimwuliza Ojwang kama kidonda kilinuka. Ojwang akasema hajui.

Kimeli alikuwa amesimama kando ya yale mawe, amevaa koti la kanisani. Chepchumba alikuwa nyuma yake. Priscillah alitembea moja kwa moja mpaka akasimama upande wa pili, kaburi likiwa katikati yao.

"Nilikuja hapa, Baba Caren," alimwambia Kimeli. "Mwaka wa tisini na tatu."

"Ulikuja."

"Niliketi ndani. Mama Caren akanipa maziwa. Nikakuuliza kama umesikia chochote."

"Nilisema sijasikia."

"Ulisema labda alivuka Uganda. Wanaume wengi walivuka."

Kimeli alivua kofia. "Nilisema hivyo."

"Nimemtafuta Uganda," Priscillah alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilituma mtu mpaka Mbale, mara mbili. Mwaka jana watoto walitaka tumfanyie baba yao maombi kanisani, nikawakataza. Shirley hajanisemesha vizuri mpaka leo. Nilimwambia hatuombei mtu ambaye yuko njiani anarudi."

Chepchumba ndiye aliyelia, kwa sauti ndogo, ameziba uso kwa kitambaa. Priscillah hakuwaangalia. Alikuwa akiyaangalia mawe, na zile nyasi zilizokatwa fupi kwa mkono wa mtu kwa miaka minne. Ojwang alisubiri atukane, au aondoke, au amwombe amtie Kimeli ndani ya gari palepale. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Kichwa kiko upande gani?" Priscillah aliuliza.

Kimeli akanyoosha mkono kuelekea ukingo wa shamba. Ng'ambo ya ukingo ule ndiko kulikokuwa na kuta nyeusi za nyumba ya Wambugu, zimemezwa na magugu.

"Nilimlaza aangalie kwake," alisema.

Priscillah alizunguka mpaka upande ule. Akaketi chini kwenye nyasi, akanyoosha miguu, akaweka mkono wake juu ya jiwe la mwisho. Atuti alimtazama mkubwa wake, akatupa jicho kwenye saa, kisha kwenye gari, maana walitakiwa kumfikisha Kimeli mbele ya hakimu kabla ofisi hazijafungwa. Ojwang akatikisa kichwa. Mvua ilipoanza kushuka kutoka upande wa msitu, hakuna aliyemwambia ainuke.